Matundu ya Kungojea

Hadija tulimzika Itetemia, Tabora, siku ya Ijumaa baada ya sala. Jioni ile wanawake walikuwa wanasugua masufuria kwa majivu na wanaume wamebaki barazani wakiongea chini chini, nikamwona binti yake, Rehema, anatoka nje na simu sikioni na kutembea huku na huku nyuma ya nyumba kama mtu aliyedondosha kitu mchangani. Nilidhani analia. Aliporudi kukaa nami mkekani aliniomba radhi, akasema kazini kwake Dodoma kumeingiliwa. Yeye ni fundi wa mitambo ya mtandao. Mtu asiyejulikana amepita kwenye ruta, kile kisanduku kinachopokea mawasiliano ya ofisi nzima na kuyagawa kila yanakotakiwa, na sasa kisanduku kinamtii mgeni badala ya wenyewe. Nikamuuliza kama mtu huyo aliiba nywila.

"Nywila hakuigusa, mama mdogo," akasema. "Ndani ya ruta kuna programu. Aliyeiandika alitenga nafasi ya kupokelea ujumbe, lakini hakuweka kitu cha kukagua kama ujumbe unaenea. Sasa mtu akileta mrefu kupita nafasi, unaijaza, halafu unamwagikia nafasi ya jirani. Na jirani pale ndipo ruta inapoweka amri za kufuata. Ruta haiulizi amri imetoka kwa nani. Ikiikuta mahali pa amri, inaitii."

"Na waliotengeneza hawakujua?"

"Ilijulikana siku nyingi. Dawa ya kuziba ilishatolewa. Wenzangu hawakuiweka."

"Kwa nini?"

"Si ilikuwa inafanya kazi, mama mdogo."

Alidhani sikumwelewa, akanishika mkono kwa huruma kama vijana wanavyotushika sisi wazee. Nilikuwa nimemwelewa kuliko alivyoweza kujua. Kitu cha namna hiyo nilikaa mbele yake mwaka mzima, kimetengenezwa kwa mbao na shaba, na aliyekaa kiti cha pili alikuwa mama yake. Jioni ile sikumwambia. Msiba una adabu yake. Lakini nimezeeka, na kati ya waliokuwa kwenye chumba kile nimebaki peke yangu, kwa hiyo naandika, na Rehema nitampa asome kabla ya mtu mwingine.

Ulikuwa mwaka watu walipohamishiwa katika vijiji vya ujamaa. Nilikuwa na darasa la saba na sauti ambayo Bi Tausi, mkuu wa zamu yetu, alisema haikwaruzi sikio, na kwa hayo mawili nikaajiriwa kuwa opereta wa simu Tabora mjini. Chumba cha swichibodi kilikuwa kirefu na chembamba, dirisha lake limepakwa rangi nyeupe ili watu wa nje wasituone, na ndani kulikuwa na harufu ya vumbi lililopata moto, mafuta ya nazi ya nywele zetu na kahawa ya Bi Tausi. Ukiingia asubuhi ulikuta ubao umekukodolea macho: matundu ya shaba safu kwa safu, na juu ya kila tundu kitaa kidogo. Simu ikiingia kutoka Nzega, Urambo au Usoke, kitaa kinawaka, unachomeka waya, unauliza anamtaka nani, unamuunganisha. Nyaya za magharibi zilifuata reli, na reli ilifuata ile njia ya kale ya misafara iliyopita kwenda Ujiji, kwa hiyo maneno ya mkoa mzima yalikuja kwetu kwa njia ileile iliyopitisha pembe na watu waliofungwa shingo. Wakati ule sikulifikiri hilo. Nilifikiri miguu yangu iliyovimba kwa kukaa, na mshahara, na dada yangu Kalunde.

Kalunde alikuwa ameolewa kwa mkulima wa tumbaku upande wa Usoke, na alikuwa na mtoto wa kwanza, Maganga, aliyekuwa ndiyo kwanza ameanza kukaa bila kuegemezwa. Watu wa kitongoji chao walikuwa wameambiwa watahamia kijiji kipya, lakini baada ya kisima kuchimbwa. Pale palipochaguliwa palikuwa pakavu, kila mtu alijua, na bwana wa maji alikuwa ameahidi mbele ya mkutano kwamba hatahamishwa mtu kabla ya maji kuonekana. Mimi niliiweka ahadi ile kifuani kama hirizi. Kila simu ya Usoke ikiwaka kwenye upande wangu, nikishamuunganisha mtu na anayemtaka, nilimuuliza bwana wa stesheni ya reli, aliyeshika simu ya kule, "Kisima kimefika wapi?" Naye alinizoea, akawa ananijibu kabla sijauliza: "Bado, Mwanne. Dada yako yupo kwake."

Na Hadija naye alikuwa na wake. Mama yake mzazi alikuwa mjane Puge, na shamba la mtama lililokuwa limezaa mwaka ule kuliko miaka yote ya uhai wake. Tulipanga chumba kimoja mtaa wa Ng'ambo, mimi na Hadija, kitanda kimoja cha kamba na mkeka mmoja, tukipokezana kwa wiki. Chakula chetu cha asubuhi kilikuwa matobolwa ya mama yule, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa mpaka vikawa vigumu kama gome. Tulivichemsha tena kwa karanga zilizotwangwa, na chumba kizima kilinukia utamu. Sijawahi kumwona mwanamke yule kwa macho yangu, ila mwili wangu wa mwaka ule ulijengwa kwa mikono yake. Karatasi ya zamu za malori ya kuhamisha watu ilikuwa imeshasemwa na kila mtu: Puge walikuwa mwanzoni, kabla ya mavuno. Hadija alikuwa akisema, "Watampakia na vyungu vyake, mtama atauachia ndege." Alisema huku akitafuna, polepole, wala hakutoa machozi.

Sasa nieleze ule ubao, maana kila kitu kilitokea pale. Kila upande ulikuwa na safu ya matundu ya kungojea, kwa simu zilizoingia wakati mikono yetu imejaa. Mwaka ule simu zilizidi. Maofisa walipiga, watu walipiga kutafuta ndugu waliohamishwa, maghala yalipiga. Nyingine zilipotea, wakubwa wakalalamika, fundi wetu akaamriwa ahakikishe hakuna simu inayopotea. Fundi alikuwa Kibwana, Mzaramo mwenye miguu mirefu na meno ya kahawia. Alichukua mabaki ya nyaya akaunganisha matundu yale kwa mfuatano: la kwanza likijaa, simu inahamia la pili, la pili likijaa inahamia la tatu, hivyo hivyo. Kazi nzuri. Ila hakuna aliyeuambia ule mfuatano uishie wapi. Mwisho wa safu ya upande wa Hadija, tundu la jirani lilikuwa la taa nyekundu, laini ya serikali. Laini ile ilikuwa ya ofisi ya operesheni ya kuhamisha watu peke yake, na sheria yake tulifundishwa siku ya kwanza ya kazi: anayesema pale haulizwi jina, hangojeshwi, na neno lake linapelekwa kama lilivyo. Safu ikijaa kabisa, simu iliyofuata iliangukia pale.

Kibwana ndiye aliyeligundua, na akaligundua kama Mzaramo, yaani kwa kututania. Sisi Wanyamwezi na wao ni watani tangu enzi za misafara, babu zetu walipobeba mizigo mpaka pwani na babu zake wakaipokea. Siku moja safu imejaa, taa nyekundu ikawaka, Bi Tausi akaketi wima kama askari akachomeka mwenyewe. Sauti nzito ikasema: "Hapa operesheni. Mwanamke mnene kuliko wote wa zamu hii atwishwe pembe ya ndovu aipeleke Bagamoyo kwa miguu."

"Ndiyo, mzee," akasema Bi Tausi, na kalamu yake ilikuwa imeshaandika mpaka Bagamoyo ndipo akasimama.

Kicheko kikasikika chumba cha pili, kwa mafundi. Bi Tausi alivua hedifoni akaenda kusimama mlangoni, mikono kiunoni. "Kibwana! Mwana wa wapokea mizigo! Babu zako walitungoja njiani na vibaba vya uwongo, sasa wewe unatungoja kwenye waya? Leo nakupeleka kwa bwana mkubwa."

"Nipeleke, mbeba pembe. Ila mtani hashitakiwi. Ukinishitaki unalipa mbuzi, na mbuzi mwenyewe nitamla mimi."

"Mbuzi nitakupa, umle pamoja na pembe zake!"

Tulicheka mpaka tukapiga makofi juu ya ubao. Na Bi Tausi hakumshitaki. Angesemaje kwa bwana mkubwa? Kueleza lile tundu lilivyo kungekuwa kumtaja Kibwana na mchezo wake, na kwetu mtu anayempeleka mtani wake mbele ya mkubwa anaonekana hana malezi, hata kwenye msiba wake watani watamsusa. Kibwana mwenyewe, kicheko kilipokwisha, nilimsikia akisema kwa sauti yake ya kawaida, "Lakini mama, nitaliziba. Nikipata waya mzuri nitaliziba." Waya mzuri haukupatikana. Halafu likaanza kutufaa. Mpwa wa Bi Tausi alishikwa na homa kali Nzega, safu ikajazwa, neno likapita kwenye taa nyekundu, na gari la serikali likapeleka dawa jioni ileile. Nani angeliziba tundu lililomponya mtoto? Kila mmoja wetu alikuwa na mtu wake mahali fulani, na kila mmoja alilitazama lile tundu kama mtu anavyotazama mlango wa uani.

Mwaka ule, tena, kuuliza kulikuwa kunafanana na kupinga. Hili vijana hawaliamini nikiwasimulia. Ofisi ilimwogopa aliye juu yake na aliye chini yake kwa pamoja. Mtu akipewa neno alilipitisha mbele haraka kama kaa la moto, lisimwunguze kiganjani.

Asubuhi niliyotaka kuifikia ilikuwa ya jua na upepo wa baridi, mwanzo wa kipupwe. Niligeuka kumtazama Hadija kwa sababu upande wake ulikuwa kimya. Vitaa vya safu yake vilikuwa vinawaka vyote, na mikono yake ameilaza mapajani.

"Hadija, wamejaa," nikamwambia.

"Waache."

"Unaumwa?"

"Tumbo."

Nikanyoosha mkono nimsaidie. Akanipiga kidogo juu ya vidole, kama mtu anavyompiga mwenzake anayechota mboga kwenye upande usio wake. "Kula kwako," akasema, lakini hakucheka. Ndipo taa nyekundu ikawaka. Bi Tausi akaweka kikombe chini, akachomeka. Tulisikia upande wake tu: "Ndiyo, mzee. Malori ya Puge yasimame mpaka mtama uvunwe. Ndiyo, mzee." Palepale akaiita yadi ya malori, akawasomea. Hadija akaanza kupokea simu zake, moja moja, kwa sauti nzuri kabisa.

Wiki iliyofuata chumba chetu kilikuwa na furaha ambayo sikuijua asili yake. Hadija aliimba akifua. Alinunua nyama. Alinipa zamu yake ya kitanda bila kuombwa. Nilifurahi pamoja naye kwamba wakubwa wamekuwa na ubinadamu, nikasema hata kwa sauti, "Kumbe wanasikia," naye akainama juu ya sufuria akakoroga.

Yaliyotokea yadi tuliyajua baadaye, kwa dereva mmoja aliyekuwa akija kupiga simu kwao Kigoma. Malori yalikuwa yameshatiwa mafuta. Malori yenye mafuta hayawezi kusimama. Mkuu wa yadi angejibu nini akiulizwa wiki hiyo amehamisha nani? Alidhani ofisi ya operesheni ina sababu zake. Ofisi ya operesheni ilipoona malori hayakwenda Puge ilidhani yadi ina maagizo kutoka juu zaidi. Hakuna aliyemuuliza mwenzake. Mkuu wa yadi akachukua jina lililofuata kwenye zamu, na jina lililofuata lilikuwa la kitongoji cha Kalunde. Habari ya kisima ilikuwa kwa bwana wa maji, na bwana wa maji hakuulizwa.

Mimi nililijua kwa hedifoni. Kitaa cha Usoke kiliwaka, nikachomeka. Bwana wa stesheni alitaka daktari wa wilaya, haraka. Watoto wanahara na kutapika katika kijiji kipya.

"Kijiji gani?" nikauliza. "Si mpaka kisima?"

"Kisima gani, dada? Watu wamemwagwa tangu juzi ile. Kisima ni alama ya chokaa chini." Kisha akasema, "Ni wewe, Mwanne?"

"Ni mimi."

"Nilikuwa nimepewa salamu zako, nikawa nangoja mwenzako apokee nimpe yeye. Kalunde amefiwa. Mtoto walimzika jana."

Nilimuunganisha na daktari. Nasema hivi kwa sababu ndivyo nilivyofanya: nilichomeka waya, nikangoja daktari aseme "haloo", nikatoa sikio langu. Kisha nikapokea simu mbili za watu wengine. Hadija ndiye aliyenivua hedifoni. Alikuwa amesikia swali langu na kuona uso wangu, na nilipomwambia kwa midomo tu, rangi ilimtoka akawa kama jivu. Bi Tausi akatutoa wote wawili akatupeleka nyumbani.

Chumbani Hadija hakukaa. Alisimama mlangoni, mkono kwenye mwimo, akasema, "Mwanne. Sauti ile ya taa nyekundu ilikuwa ya kaka yangu. Karani wa ghala la pamba Puge. Mimi ndiye niliyemfundisha la kusema." Nilimsikia vizuri. Aliendelea: hakujua kama malori yatakwenda kwingine, alidhani yatalala tu; angejua asingefanya; halafu akasema, "Sijui kama nisingefanya," na hilo ndilo neno lake nililoliheshimu maisha yangu yote, kwa sababu lilikuwa kweli. Watu wameniuliza kwa nini niliendelea kuishi naye, wale wachache waliojua. Sina jibu la kupendeza. Nilikuwa nimekula matobolwa ya mama yake. Kumchukia kulinishinda, na kumsamehe pia, nikabaki katikati, na pale katikati tumezeekea sote wawili. Tundu lilizibwa mwezi huohuo, Kibwana akilia, kwa waya aliong'oa kwenye redio yake mwenyewe.

Nilipanda garimoshi la asubuhi kwenda Usoke. Kutoka stesheni nilitembea na wanawake waliokuja kuteka maji kwenye tangi la reli, mwendo mrefu, madebe kichwani, hakuna aliyeimba. Kijiji kipya kilikuwa mistari. Mistari iliyonyooka ya vibanda vya matawi, majani yake bado mabichi, na katikati pameachwa uwanja mpana ambamo nilikiona kisima: duara la chokaa lililokanyagwa na mbuzi. Kalunde alikuwa ameketi mbele ya kibanda chake anachambua maharage yaliyovunjikavunjika kwenye lori. Nilimwamkia, "Shikamoo, dada," akaitika "Marahaba" kama siku zote, akanisogezea kigoda yeye akabaki chini. Hatukulia kwanza. Tulichambua maharage. Maziwa yalikuwa yamemlowesha kanga, naye alikuwa akiifuta kwa kiganja bila kutazama.

Baada ya muda akasema, "Wewe unakaa kwenye simu."

"Ndiyo, dada."

"Maneno yote yanapita kwako."

"Mengi."

"Hukusikia?"

Ningeweza kusema sikusikia. Angeniamini, na ingekuwa rahisi kwetu sote. Nikasema, "Nilisikia Puge tu. Nilisikia wanasema malori ya Puge yasimame. Sikusikia wakisema yaende wapi." Kisha nikamwambia na yaliyobaki, Hadija na kaka yake, ule mtama, tundu. Nilisema kwa Kinyamwezi, lugha ya nyumbani, kwa sababu kwa Kiswahili ilikuwa inatoka kama taarifa ya ofisi. Alinisikiliza mpaka mwisho, vidole vikiendelea kutoa mawe katika maharage. Mume wake alipita na nguzo begani, akatutazama, akapita.

"Huyo mama wa Puge," akasema Kalunde. "Alivuna?"

"Alivuna."

Alitikisa ungo, akapuliza maganda.

"Wote?"

"Wote, dada. Ameweka ghalani."

"Haya," akasema. Akamimina maharage kwenye chungu, akainua debe kuangalia maji yaliyobaki ndani, akayamimina yote.

"Utakula, kwanza. Halafu nitakuonyesha tulipomlaza."